Usitoe pesa kabla simu haijafutwa mbele yako

Mimi ni fundi wa simu, meza yangu iko Mwembe Tayari, Mombasa. Nabadilisha vioo, naweka betri, nasafisha matundu ya chaji yaliyojaa mchanga wa ufuo wa Pirates. Hizo ni kazi ninazoziweza. Inayoniuma ni ile nisiyoiweza: mtu anakuja na simu aliyoinunua juzi, imejifunga, anataka niifungue. Wengi wao si wezi. Ni watu walioweka akiba kidogo kidogo, wakaona tangazo, wakakutana na muuzaji kando ya barabara, wakaikagua kamera na kioo, wakalipa. Nikishawaambia ukweli, hakuna la kuwafariji, maana pesa imekwenda na namba ya muuzaji haipatikani.

Kwa hivyo nataka kueleza ninavyonunua mimi mwenyewe simu ya mkono wa pili, hatua kwa hatua, ili na wewe uweze hata kama hujui lolote la ufundi.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna simu iliyofungwa, na kuna simu ya wizi. Simu inaweza kuwa ya wizi na isiwe na kufuli yoyote, kwa sababu aliyeiiba alishampelekea mtu akaifungua. Na inaweza kuwa imefungwa ilhali anayeiuza ndiye mwenyewe, ila amesahau nywila. Kufuli utaipima kwenye simu. Wizi utaupima kwa mtu anayekuuzia. Ukipima kimoja ukaacha kingine, bado uko hatarini.

Kabla hamjakutana

Mwombe muuzaji IMEI, ile namba ya pekee ya kila simu. Abonyeze *#06# kana kwamba anapiga simu, zitatokea tarakimu 15, apige picha ya skrini akutumie. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili, akutumie zote. Muuzaji mwenye simu yake atakuuliza za nini, ukimweleza atatuma. Anayesema "kaka, wewe njoo uione, mambo ya namba tutamaliza huku huku", mimi huyo simfuati tena.

Tarakimu 8 za mwanzo ndizo zinazotambulisha aina ya simu. Ukiiweka IMEI kwenye tovuti ya kukagulia, jina litakalotokea lazima liwe la simu unayouziwa. Ukiambiwa ni Samsung ya bei ya juu na namba inaleta simu ya kampuni nyingine kabisa, IMEI imebadilishwa, na hakuna mtu anayebadilisha IMEI ya simu aliyoipata kihalali. Jambo hilo ni kosa kisheria hapa Kenya, usiingie ndani yake.

Lakini usifurahi mapema ukiona tovuti imeandika kwamba simu ni safi. Ili simu ionekane ya wizi huko, mwenyewe awe ameripoti, mtandao wake uwe umeiingiza kwenye orodha, na orodha hiyo iwe imefika kwenye tovuti unayoitazama. Simu iliyonyakuliwa jana jioni Buxton, leo asubuhi haiko kwenye orodha yoyote. Na kuna wanaokumbuka mwaka 2012, serikali ilipozima simu bandia nchi nzima, wakadhani simu zinazoibwa nazo huzimwa vivyo hivyo. Ile ilikuwa habari ya simu bandia. Usitegemee kwamba simu ya wizi itakataa kushika mtandao hapa. Nyingi zinashika vizuri tu, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika.

Tazama na bei. Zunguka maduka ya Digo Road uulize simu kama hiyo, iliyotumika, inauzwa ngapi. Nikiona simu ambayo kila mtu anaiuza kwa shilingi 28,000 inaletwa kwa 12,000 na muuzaji ana haraka kwa sababu "mgonjwa yuko hospitali", naiacha. Shida za kweli zipo, najua, lakini mtu mwenye shida ya kweli anaweza kukaa nawe nusu saa akiwa anataka pesa yako.

Mahali pa kukutana

Mchana, mahali penye watu waliotulia, penye kiti na intaneti. Mkahawa ni sawa. City Mall Nyali ni sawa. Kibanda cha fundi unayemjua ni bora zaidi. Usikubali foleni ya feri Likoni, usikubali ndani ya matatu, usikubali "nisubiri hapo stendi nakuja na pikipiki". Utakosa nafasi ya kukagua, na kuna wale wanaokuonyesha simu nzuri, wanaichukua kidogo kuifunga kwenye bahasha, na ukifika nyumbani unakuta kipande cha sabuni. Mchezo huo ni wa zamani na bado unawapata watu. Simu ikishatoka mikononi mwako baada ya kuikagua, ikague upya tangu mwanzo.

Beba laini ya ziada, isiyo ya M-Pesa yako, ya kujaribia kupiga na kupokea. Beba chaja. Hakikisha simu yako ya sasa ina data ya kutosha kugawa intaneti, kwa sababu bila intaneti kipimo kikubwa kuliko vyote hakifanyiki.

Kufuta mbele yako

Hiki ndicho kipimo chenyewe. Muuzaji aifute simu yote kwa mkono wake, kupitia kwenye mipangilio, ukiwa unamtazama. Kisha iwashwe, iunganishwe na intaneti, iendelee mpaka ifike kwenye ukurasa wa kawaida wenye programu. Ndipo pesa itoke. Wala usikubali "nishaifuta nyumbani". Kama kweli ameifuta, kuifuta tena ni dakika chache.

Sababu ya kusisitiza mkono wake na mipangilio ni hii. Simu inayofutwa kupitia mipangilio kwanza huomba namba ya siri ya mwenyewe. Aliyeiokota au aliyeiiba hana. Huyo huifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni simu ikiwa imezimwa, au kwa kompyuta, na hapo ndipo kufuli huwa inabaki ndani ikisubiri intaneti.

Kwa Android, yaani Samsung, Tecno, Infinix, Xiaomi na ndugu zao, kufuli hiyo ni ya Google na imekuwepo tangu Android 5.1 ya mwaka 2015. Simu ikifutwa kwa vitufe, ikiwashwa inaomba akaunti ya Google iliyokuwemo awali au namba ya siri ya zamani. Kwa hivyo mwambie muuzaji kwanza aingie kwenye akaunti zake, aiondoe ya Google, na kama ni Samsung aiondoe na ya Samsung, ambayo wengi huisahau. Kisha afute. Ikiwaka, unganisha intaneti yako, endelea. Ikikuomba uthibitishe akaunti iliyotumika zamani, simama. Muuzaji akiijua, aiandike hapo hapo. Akisema "fundi yeyote atakutolea hiyo kwa mia tano", mwambie aende akatolewe yeye kwanza, kisha arudi na karatasi za simu. Mimi huwa sirudi kwa muuzaji wa aina hiyo hata akija na simu imefunguka, na nitaeleza kwa nini nikifika kwenye habari ya mtu mwenyewe.

iPhone inahitaji subira zaidi. Kufuli yake ilianza na iOS 7 mwaka 2013, na imefungamana na akaunti ya Apple ya mwenyewe, ile tuliyoizoea kwa jina la iCloud. Kumbukumbu ya nani mwenye simu haiko ndani ya simu, iko kwenye seva za Apple. Ndiyo maana bisibisi yangu na kompyuta yangu haziwezi kitu. Muuzaji aingie Settings, abonyeze jina lake pale juu, atoke kwenye akaunti. Simu itamwomba nywila ya Apple ili kuzima Find My, ile huduma ya kuitafuta simu ikipotea. Mtazame anavyoandika, mwenyewe hata akikosea mara moja anaipata. Kisha aende General, ashuke chini mpaka Transfer or Reset iPhone, achague Erase All Content and Settings.

Ikizima na kuwaka ikakuandikia Hello, watu wengi hulipa hapo. Usilipe. Hello inatokea hata kwenye simu iliyofungwa. Chagua lugha, unganisha intaneti, songa mbele. Ikiandika iPhone Locked to Owner, mrudishie. Ikiandika Remote Management au ikataja kampuni au shule inayoisimamia, mrudishie pia, hiyo ni simu ya kazini ya mtu na haikutoka kwa njia iliyonyooka, au kama ilitoka hivyo, kampuni yenyewe haijaiachilia.

Kuna iPhone zilizorukwa kufuli. Zile za zamani mpaka iPhone X zina udhaifu ndani ya chipu uliotangazwa mwaka 2019, na hauwezi kuzibwa kwa kusasisha programu, kwa hivyo watu wamezitengenezea njia za kupita. Simu ya namna hiyo utaiona inafungua picha, inaingia mtandaoni, inacheza video. Mara nyingi haishiki laini, au inashika na baadhi ya mambo yamekufa, na ukiifuta kufuli inarudi pale pale. Dalili yake kubwa ni maneno ya muuzaji: "Kaka, hii usiisasishe wala usiifute, itakusumbua." Ukisikia hivyo huhitaji kupima kitu kingine.

Kisha kuna iPhone iliyofungwa kwa mtandao wa nje. Ingia General, kisha About, tafuta Carrier Lock. Inatakiwa iandike No SIM restrictions. Halafu itoe trei ya laini, uitazame kwenye mwanga. Ukikuta chini ya laini kuna kijichipu chembamba kama ganda la kitunguu, chenye vidoti vya shaba, hicho ndicho kinachoidanganya simu ikubali laini ya hapa. Leo inapiga, kesho ukisasisha haipigi. Na kama ni iPhone 14 kwenda juu iliyotoka Marekani, haina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini isiyo na kadi. Hilo si wizi wala kufuli, lakini ujue mapema, usije ukaishika laini yako mkononi ukakosa pa kuiweka.

Kijana mmoja aliniletea iPhone aliyouziwa kama ex-UK. Nilipoiunganisha na intaneti ya kibanda, skrini ikaleta ujumbe wa Kiingereza kwamba simu imepotea, atakayeipata apige namba hii, na namba ikaanza na +44. Kweli ilitoka Uingereza, ila mwenyewe hakuiuza. Kule mtu bado alikuwa ameiacha wazi kwenye akaunti yake akitumaini. Nilimsihi kijana ampigie. Neno ex-UK kwenye tangazo linakwambia simu imetoka wapi, halikwambii imetokaje.

Simu zenye deni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu siku hizi haya ndiyo machozi mengi ninayoyaona, na kipimo cha kufuta peke yake hakitoshi.

Mama mmoja anayeuza viazi vya karai Tudor alimnunulia bintiye simu, msichana amepata nafasi chuoni. Alilipa shilingi 9,000 taslimu. Simu ni Samsung, haina mkwaruzo, ina boksi, ina chaja. Akaniletea imeganda, skrini nzima imejaa maandishi ya kulipa.

"Mwanangu, juzi ilikuwa yafanya kazi vizuri. Leo asubuhi yaniambia nilipe. Nilipe nini, na mimi nishalipa?"

"Mamangu, uliyemlipa simu haikuwa yake bado. Ina deni la kampuni."

"Basi itoe hiyo kampuni."

"Siwezi, mama. Haitoki kwa fundi."

Aliyemuuzia aliichukua kwa mkopo, akalipa amana na malipo machache, akaiuza kwa pesa taslimu, kisha akaacha kulipa. Simu iliendelea kufanya kazi mpaka siku ya malipo ilipopita. Kila kitu alichokagua yule mama kilikuwa sawa: boksi lake, namba za IMEI zikalingana, hata muuzaji alikuwa ndiye mwenye jina kwenye karatasi. Alichokosa ni kujua kwamba bado inadaiwa.

Simu za mkopo zimeenea sana. Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom ilianza mwaka 2020, na kuna kampuni nyingine kadhaa. Mikopo yenyewe imewasaidia wengi, wahudumu wa boda na wauzaji wa Marikiti wana simu nzuri kwa sababu hiyo, wala siwalaumu. Lakini simu ya mkopo imeandikishwa kwa kampuni kwenye seva, kwa IMEI au namba yake ya utambulisho. Ukiifuta, ikipata intaneti inarudisha programu ya mwenye deni. Kwa hivyo unaponunua Android, fanya haya baada ya kuifuta na kuiunganisha:

Tazama kwa makini maneno yanayopita wakati inajianzisha. Ikikwambia kifaa hiki kinasimamiwa au ni mali ya kampuni fulani, usibonyeze kuendelea kwa mazoea. Simama hapo.

Ikishafika ukurasa wa kawaida, iache na intaneti robo saa huku mkizungumza. Programu ya mkopo wakati mwingine hujipakua yenyewe kimya kimya. Kisha ingia mipangilio, sehemu ya usalama, tafuta programu zenye usimamizi wa kifaa. Ukiona iliyowashwa usiyoijua na inakataa kuzimwa, simu ina mwenyewe mwingine. Pitia na orodha nzima ya programu.

Kama ni Samsung, fundi anaweza kuiwasha kwenye ukurasa wa kupakulia programu, ule wenye rangi ya buluu, na kukusomea maandishi madogo ya juu. Ukiona mstari wa KG, yaani Knox Guard, kufuli ya Samsung ya kutoka mbali, umeandikwa Active au Locked, kuna anayeishikilia kutoka mbali. Mimi hufanya hivi bure kwa mtu yeyote anayeniuliza kabla ya kununua, na mafundi wengi watakufanyia kwa pesa kidogo sana.

Na la mwisho, muulize muuzaji waziwazi: "Simu hii uliichukua kwa mkopo?" Akisema ndiyo na amemaliza, akuonyeshe ujumbe wa kumaliza deni, kisha apigie huduma kwa wateja wa kampuni hiyo mbele yako, simu ikiwa kwenye spika, awasomee IMEI waseme imeachiliwa. Lazima apige yeye, kwa sababu wewe si mteja wao na hawatakwambia kitu. Ujumbe pekee usiuamini, kuandika ujumbe wa uongo ni rahisi. Akisema deni limebaki kidogo na ukimlipa ataenda kulimaliza, mwambie mlimalize pamoja hapo hapo, ile sehemu ya deni uilipe wewe moja kwa moja kwa kampuni, na yeye umpe kilichobaki baada ya simu kuachiliwa.

Mtu anayekuuzia

Sasa nimefika kwa mtu. Nilisema simu inaweza kufunguka kila kitu na bado iwe ya wizi. Kipimo chake ni mazungumzo.

Kabla haijafutwa, mwombe aifungue kwa kidole au uso wake. Mwombe akupigie kutoka simu hiyo. Kisha muulize mambo ambayo mwenyewe pekee anayajua, kwa upole, kama mnapiga gumzo: betri inakaa mpaka saa ngapi, huu ufa wa pembeni ulitokana na nini, ilishawahi kubadilishwa kioo. Mtu aliyeishi na simu miaka miwili ana hadithi zake. Atakwambia ilianguka akishuka tuktuk Kisauni, atakwambia spika ya juu inakwaruza ukiongea sana. Atakutajia ubaya wa simu yake bila kuulizwa. Aliyeipata jana atasema tu "iko poa, haina shida yoyote", na ukimuuliza spika ataanza kuijaribu pamoja na wewe.

Boksi na risiti vinasaidia. Linganisha IMEI ya boksi na ya *#06#, tarakimu kwa tarakimu, usilinganishe nne za mwisho tu. Lakini boksi tupu zinauzwa na stika zinachapishwa, kwa hivyo boksi sahihi haliondoi haja ya maswali. Na ukikosa boksi usimhukumu mtu papo hapo. Wengi wetu tunayatupa.

Kisha andikianeni. Karatasi ya daftari inatosha: jina la muuzaji, namba ya kitambulisho, namba ya simu, aina ya simu, IMEI zote, bei, tarehe, sahihi zenu wawili, na shahidi akiwepo. Piga picha kitambulisho chake akiwa amekishika, akikubali. Kama ana aibu ya kupigwa picha naelewa, lakini kitambulisho chenyewe lazima ukione, na uso ulingane.

Lipa kwa M-Pesa, usilipe taslimu. Kabla hujabonyeza kutuma utaona jina la anayepokea. Linatakiwa liwe lile la kwenye kitambulisho. Akikupa namba "ya ndugu yangu, yangu ina Fuliza", subiri kwanza. Hilo linaweza kuwa kweli, wengi tunaikwepa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojikata pesa ikiingia, lakini basi ndugu naye aje, au aandikwe kwenye karatasi pamoja na kitambulisho chake.

Nimewaona watu wanaona haya kuomba yote haya, wanahisi wanamwita mtu mwizi usoni. Mimi husema hivi: "Kaka, hivi ndivyo ninavyonunua kwa kila mtu, hata ndugu yangu." Na nasema kwa tabasamu. Mwenye simu yake hufurahi, kwa sababu karatasi ile inamlinda na yeye pia ukija kusema baadaye amekuuzia mbovu.

Sheria nayo ijue. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepokea au kukaa na mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, anaweza kufungwa mpaka miaka 14. Hiyo "sababu ya kuamini" ndiyo inayowabana watu. Simu ya bei ya kutupa, usiku, bila jina la muuzaji, utamweleza nini afisa? Wapelelezi wakifuatilia IMEI, wanamfikia aliyeweka laini yake ndani ya simu. Laini hiyo ni yako, jina ni lako. Aliyeiba alishasahau hata simu ilikuwa rangi gani. Ndiyo sababu simtaki yule muuzaji aliyeenda "kutolewa" kufuli akarudi: simu imefunguka, lakini swali la nani mwenyewe limebaki vile vile, na sasa ningekuwa nimelisikia na kulipuuza.

Kama umeshainunua

Ikiwa imejifunga kwa nywila ya mtu na muuzaji anapatikana, mpigie kwa heshima kwanza. Wapo wauzaji wa kweli waliosahau kuondoa akaunti. Kwa iPhone, anaweza kuiondoa simu kwenye akaunti yake akiwa mbali, kupitia tovuti ya iCloud, hana haja ya kukupa nywila yake. Kwa Android itabidi mkutane aiandike mwenyewe.

Ikiwa imeleta ujumbe wa kupotea wenye namba ya mtu, mpigie huyo mtu. Usimwombe akutolee kufuli wala usimtumie viungo vya ajabu ambavyo mafundi wengine watakushauri utume ili kumnasa nywila. Huo ni uhalifu mwingine juu ya ule wa kwanza. Mweleze ulivyoipata, ukubaliane naye namna ya kuirudisha.

Ikiwa ni deni, nenda na karatasi yako kwenye ofisi ya kampuni, uulize limebaki kiasi gani kabla ya kuamua lolote. Yule mama wa Tudor alifanya hivyo. Deni lilikuwa kubwa kuliko alivyoweza, akairudisha simu kwao, na kwa sababu alikuwa ameandika namba ya kitambulisho cha muuzaji nyuma ya risiti ya chaja, alikuwa na la kupeleka polisi.

Na ukishagundua ni ya wizi, itoe laini yako, izime, usimuuzie mwingine hata kama pesa yako inakuuma, kwa sababu ukifanya hivyo sasa unauza ukijua. Ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe, ukiwa na karatasi ya mauziano, ujumbe wa M-Pesa na picha za mazungumzo yenu. Omba iandikwe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na usiondoke bila namba ya OB. Iandike mahali pawili. Ukipigiwa simu na mpelelezi miezi miwili baadaye, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulikwenda mwenyewe kabla hujatafutwa.